Bastola Chini ya Dera

Bastola ilikuwa kwangu. Nimelikana jambo hili mbele ya baba yangu, mbele ya mdogo wangu wa kiume, mbele ya mwanamke mmoja wa Muheza ambaye hakunikosea kitu na, kwa ujanja wangu mwenyewe, mbele ya Msahafu. Sasa nalisema hapa kwenye karatasi, mahali ambapo mtu wa umri wangu na shahada zangu huonekana jasiri bila ya kuinuka kwenye kiti.

Ilikuwa bastola ndogo, nyeusi, ya baba. Aliinunua zamani sokoni Sinaw kwa muuza mbuzi, bila ya kibali, miaka michache baada ya kuja Oman kutoka Unguja akiwa kijana. Babu yangu alitolewa nyumbani kwake asubuhi moja, mikono mitupu, wala hakurudi. Baba aliondoka Unguja na fikira moja tu, kwamba yeye hatakutwa hivyo. Wanaume wa huku Sharqiyah wanapenda silaha ionekane: hanjari tumboni, bunduki begani siku ya harusi, na picha ya vyote viwili sebuleni. Ya baba haikuonekana. Nyumbani alivaa shuka na fulana, nguo ambazo hazifichi hata pumzi, na bado aliifutika kwenye pindo la shuka kwa ustadi mkubwa hata wajukuu waliamini lile gumu ni nyonga ya babu.

Marehemu mama ndiye aliyenijulisha, nilipokuwa msichana ninamsaidia kufua. Mdogo wangu hakuambiwa. Yeye ni mtu wa serikali, anakaa Nizwa, anapenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira. Tulipokuwa watu wazima aliniuliza mara mbili kama baba ana silaha. Mara zote mbili nilicheka. Baba yetu na silaha wapi na wapi, nilimwambia.

Halafu akili ya baba ikaanza kutoka. Mimi nilikuwa nimeshaachika, ninafundisha chuo hapa Ibra, nikaishi naye katika nyumba yake pamoja na yule mwanamke wa Muheza, aliyekuja kutufanyia kazi na akakaa miaka sita. Mie aliniita dada, baba akamwita babu, na baba naye alimwita yeye binti. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na subira ya kusikiliza habari za Unguja kwa mara ya arubaini na kuuliza swali jipya.

Asubuhi moja mtu wa gesi alibisha mlango wa jikoni akaingia na mtungi begani, kama anavyoingia kila mwezi. Baba aliinuka kwenye mkeka, akatia mkono chini ya fulana, akautoa na bastola. Mtu wa gesi, Mbangali mwembamba, hakuweza hata kuutua mtungi. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe changu cha kahawa, nikabaki hapo hapo na kikombe changu cha kahawa. Aliyesogea ni mwanamke wa Muheza. Alisimama katikati, mikono ina unga.

"Babu, huyu wa gesi," alisema. "Ukimpiga huyu, leo hatuli."

Baba alilifikiri jambo hilo. Akakubali kwamba lina maana, akairudisha kiunoni, akakaa.

Baadaye, alipomaliza kukanda unga, aliniambia niichukue ile. Yeye ni mtumishi, hawezi kumtia mkono mzee wa watu. Mimi mwanawe. Nilimwambia nitaona. Kesho yake baba alipokuwa anaoga niliingia chumbani kwake, nikaikuta juu ya kitanda imefunikwa na fulana, nikaichukua. Yule wa Muheza aliponiuliza nilimwambia sijaiona, labda mzee ameiweka mahali. Sijui kwa nini nilimdanganya yeye, aliyenishauri. Nadhani nilikuwa nimeshazoea, kama mtu anavyozoea kuchechemea hata mguu ukipona.

Tabu ilikuwa pa kuiweka. Baba aliitafuta kila siku toka alfajiri: makabati, pipa la mchele, gunia la tende, jiko la kuokea, mkoba wangu. Kufuli niliyofunga aliivunja kwa mchi. Siku za Ijumaa watoto wa mdogo wangu walikuja kutoka Nizwa, na hao wanafungua hata kisichokuwa na mfuniko. Nilitazama nyumba nzima nikaona mahali pamoja tu ambapo baba hatatia mkono, nako ni kiunoni kwa binti yake mtu mzima. Nikachana kanga kuukuu, nikajifunga nayo, nikaifutika humo, nikavaa dera juu.

Dera ni nguo ya rehema. Jepesi, pana, linaficha mimba, talaka na kilo kumi za wali. Bastola halikuiona kuwa ni kazi. Nilikusudia iwe wiki moja, hata nimfikirie mtu wa kumpa. Ikawa miezi mitatu. Nilikwenda nayo sokoni, nilikwenda nayo kwenye arusi, nilikwenda nayo chuoni chini ya abaya na kuwafundisha vijana namna ya kujenga hoja bila ya kutumia nguvu. Sikujua kama ina risasi. Wala sikujua mtu anajuaje.

Na hili pia nililikana, hata mbele ya nafsi yangu: niliipenda. Mimi niliyeandika makala mbili kuhusu wanaume na woga wao nilianza kutembea taratibu, mabega nyuma. Siku moja njiani karibu na Al Qabil mtu alinipita vibaya na gari lake karibu anitie mtaroni, halafu akaniinulia mkono kunitukana, nami nikamtabasamia kama malaika. Wanafunzi walimwambia mwenzangu wa kazi kwamba siku hizi mwalimu amekuwa mpole.

Mara moja nilijaribu kuitupa. Nilitoka Ijumaa asubuhi nikaendesha mpaka kwenye wadi, bonde la mto lenye madimbwi yasiyokauka, nikijisemea nitaitumbukiza na kuondoka. Aliyesoma hukumbuka kila kitu ila siku ya mapumziko. Chini ya kila mti palikuwa na familia, mkeka, na moshi wa nyama. Mama mmoja wa Kiarabu, hanijui wala simjui, aliniona nimesimama peke yangu akanihurumia, akaniita kwenye kahawa, na kwetu huku hilo halikataliki. Nilijaribu kukaa, bastola ikanichoma chini ya ubavu, nikabaki nimeinama nusu nikidai mgongo unaniuma. Akamtuma mwanawe garini, akanipa chupa ya mafuta ya kuchua na kuniapia kwamba yalimtibu mamake. Nilirudi Ibra na mafuta, na kipande cha halua, na bastola.

Wiki hiyo hiyo baba alimaliza kutafuta. Alikuwa amefikia uamuzi. Aliyeiona bastola ni binti, kwa hiyo mwizi ni binti. Akaacha kula kutoka mkononi mwake. Akampigia mwenyewe simu mdogo wangu, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa mwaka mzima, akamwambia aje.

Mdogo wangu alikuja mchana, kanzu imepigwa pasi kama anakwenda ofisini. Baba alimwambia kila kitu: bastola, Sinaw, miaka yote hiyo. Mdogo wangu akanigeukia.

"Kumbe alikuwa nayo," nilisema.

Sanduku la mwanamke wa Muheza lilifunguliwa juu ya zulia la sebuleni. Kanga zake, picha za mwanawe wa kike, sabuni za zawadi, viatu vipya vya mtu mwingine, vidogo. Hapakuwa na kitu. Basi baba akataka yamini. Katika ukoo wetu yamini ina umri mkubwa kuliko polisi: Msahafu unateremshwa, kila aliyemo ndani anatia udhu, anaweka kiganja juu yake na kuapa. Mdogo wangu aliapa, ingawa hakuna aliyemshuku. Mwanamke wa Muheza akaenda kutia udhu, akarudi maji yanamtiririka viwikoni, akaapa kwa sauti ya kusikika kwamba hajaichukua wala hajui ilipo.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimekaa juu ya mto, dera langu la maua, na kile kitu kimenikaa chini ya ubavu.

"Mie leo sisali," nilisema.

Hivyo ndivyo mwanamke wa kwetu anavyosema kwamba yumo katika siku zake, na aliyemo katika siku zake hashiki Msahafu. Mdogo wangu akatazama zulia. Hakuna mwanamume wa Oman atakayemuuliza dada yake mkubwa swali la pili juu ya jambo hilo. Baba alipunga mkono, nimesamehewa.

Nina miaka hamsini na mitatu. Ramadhani iliyopita nilifunga mwezi mzima bila ya kuacha hata siku moja, na iliyotangulia vile vile, na kila usiku aliyeniamsha kula daku ni huyu wa Muheza. Alijua vizuri sana kwamba mimi sina tena siku ya kutosali. Aliinua macho akanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti na kuanza kuzikunja kanga zake, moja moja, pindo kwa pindo. Nilidhani ananistahi. Siku hizi nadhani alikuwa anapima neno lake na neno langu, na hakuhitaji muda mrefu kupima.

Mdogo wangu alitoa hukumu kwa Kiswahili chake alichojifunza jikoni na kukiacha huko huko.

"Sisi tutamsitiri," alisema. "Hakuna polisi. Tiketi, anarudi kwao, khalas."

Aliona amefanya ukarimu. Bastola haikuwa na kibali, na yeye angeulizwa kazini kwa nini, lakini naamini kwamba neno lile la sitara alilitoa moyoni. Mimi nilisema inshallah. Mwanamke wa Muheza aliondoka siku ya tatu, mdogo wangu akampeleka uwanja wa ndege. Sikuwepo kumuaga. Nilikuwa na mtihani wa kusimamia chuoni, mtihani ambao mtu yeyote mwenye macho angeweza kuusimamia.

Hazikupita wiki mbili baba akaisahau bastola. Hakuitafuta tena, hakujipapasa tena kiuno. Niliivua, nikaiweka juu ya kabati, wazi kabisa, na baba akaipita asiitazame. Siku hiyo ningeweza kusema. Sikusema. Badala yake baba alianza kumuulizia yeye. Binti yuko wapi. Chai hii kapika nani. Nilimwambia amekwenda kumtazama mwanawe, naye aliridhika kwa muda wa kikombe kimoja, halafu akauliza upya. Wakala alituletea mwanamke mwingine, mtulivu na msafi, na baba akafumba mdomo mbele yake kama mtoto. Mbele yangu pia. Fulana zake zikaanza kumwagika mabegani. Daktari wa Nizwa alisema hana maradhi mapya, ila lazima ale.

Nikampigia simu. Niliegesha gari kivulini nje ya chuo baada ya alasiri, nikazungusha nambari ya Muheza. Aliitika. Tuliamkiana kwa urefu wote wa desturi, mwili, nyumba, watoto, mvua. Akauliza kama babu anakula. Nikamwambia hali chochote.

Kisha nilimwambia kwamba bastola ilikuwa kwangu.

"Najua, dada," alisema.

Nilimwambia nitamletea tiketi, atarudi, nami nitawaeleza baba na mdogo wangu ukweli wote kuanzia mwanzo.

"Umeshawaeleza?"

"Bado. Nilitaka kwanza nijue kama utarudi."

Nyuma yake mtu alikuwa anafagia ua. Aliniambia kwamba wakala wao ameshapata habari ya kwa nini alirudishwa, hamtumi tena popote, na mtaani pia wamejua. Shemeji yake akija kuwatembelea anaingia na pochi yake mpaka chooni. Hili alilisema kwa kicheko kidogo, nami nikakosa adabu nikacheka naye.

"Mie sirudi, dada," alisema. "Sasa utawaeleza?"

Nikaanza. Nilisema kwamba mwezi huu mdogo wangu ana mambo mazito kazini. Nilisema kwamba baba kwa hali yake hataelewa, atazidi kuchanganyikiwa tu. Nilisema habari za chuo, ya kwamba mtu hukamatwa kwa jambo kama hili. Aliniacha nikayamaliza yote, hakunikatiza hata mara moja, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya gari nikanyamaza.

"Babu mpondee ndizi kwa tui," alisema, "usitie sukari. Na umlishe kwa kijiko kidogo."

Akakata simu.