Shimo Nyuma ya Nyumba Yangu

Jirani yangu Keziah alieneza uvumi kwamba Daktari Jentrix anachimba mashimo hapa Kitengela ili ploti zetu zikose wanunuzi. Daktari anafundisha mambo ya udongo chuoni, na wikendi huja kutufunza bure kutambua ardhi ya majimaji.

Jana alichimba kwangu, akatoa udongo wa kijivu wenye michirizi ya rangi ya kutu.

"Hapa maji husimama kila mvua," akasema. "Wauza ploti waliwauzia wakati wa kiangazi, wakafunika matope kwa maram, ule udongo wa kumwaga barabarani."

Mtoto wangu anakohoa tangu Aprili, na aliyeniuzia aliniambia sakafu inaloa kwa sababu mimi ni mchafu!

"Daktari wa matope!" Keziah akazomea kutoka upande wake wa ua.

"Mama Elsie," Daktari akaniambia, "kesho wauza ploti wanaleta wanunuzi wengine. Simama na mimi hapa, uwaambie vile maji yaliingia kwako."