Kichupa cha protini ya kinga alichotaka kuchomwa mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu. Hii imenikuta mwenyewe hapa Sumbawanga, chumvi sijaongeza.

Mimi niliishia darasa la saba, ila nanunua mahindi kuanzia Laela mpaka Kasense, na nyumba zangu mbili zina bati la msauzi. Sijisifu, naweka msingi wa stori tu.

Mdogo wangu Deo anaumwa muda sasa, kakonda. Dawa za hospitali anaona zinachelewa. Siku hiyo namkuta sebuleni na jamaa mtanashati, mkoba mweusi, sindano iko mezani.

"Shikamoo kaka!"

Mtu rika langu, shikamoo ya nini? Nikaanza kumshuku hapohapo.

Akatoa kichupa kama cha chanjo ya kuku, ndani unga mweupe kiduchu. Eti protini ya kinga ya binadamu, imetengenezwa maabara huko Ulaya.

"Haitaki baridi hii?" nikamuuliza.

"Kaka, Sumbawanga yote si friji?"

"Na leo umetokea wapi?"

"Mtowisa. Kule wamevigombania, kimebaki hiki."

Mtowisa, wakuu! Kwa joto lile la bondeni! Nikakitia kichupa mfukoni.

Deo akawaka. "Kwako kila kitu feki! Huu mwili wangu, sio gunia lako la mahindi!"

Iliniuma. Nikasema twende wote hospitali, watu wa maabara wakione. Jamaa akaomba apige simu nje mara moja. Mpaka leo anapiga.

Tulipofika, dada wa maabara akasoma kibandiko cha kile kichupa. Mimi nimekunja mikono, nasubiri neno feki nimcheke Deo.

"Inaweza kuwa halisi kabisa," akasema. "Bakteria wanawekewa maelekezo ambayo mwili wa binadamu unatumia kuitengeneza, nao wanaitengeneza. Lakini imeandikwa ya utafiti tu. Inawekwa kwenye seli za maabara, waone zinafanyaje. Haijaandaliwa kuchoma mtu. Inaweza kukuua."

Deo kasikia neno moja tu. "Kwa hiyo ni ya kweli?"

Macho yake yakarudi kwenye kichupa. Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa. Ya feki angeitupa. Hii ya kweli angeitafuta tena nikiwa sipo.

Nikamwuliza, "Deo, mahindi ya mbegu, yale yenye dawa nyekundu, ni feki?"

"Hapana."

"Si ghali kuliko ya kula?"

"Sana tu."

"Mama alishawahi kukusongea ugali wake?"

Deo akamsogezea dada kichupa. "Kaa nacho."

Sasa hivi anameza dawa za hospitali, na bado kaninunia. Anune tu, yupo.

Nilichojifunza: nilijiona bingwa wa kunusa feki, kumbe kitu halisi nacho kinaua kikipelekwa kusiko kwake. Siku hizi nauliza, hiki ni cha kazi gani?

Wataalamu, nilipoteleza nirekebisheni. Ila mwenye ndugu Mtowisa asianze na kukomenti. Apige simu kwanza. Jamaa alisema kule wamevigombania.