Kazi Isiyotaka Muhuri

Sitaficha, niliishia darasa la nne, na hilo lenyewe nililimaliza kwa kuonewa huruma. Lakini nyumba nazijua. Nimejenga Nyeri, nimejenga Nakuru, na hapa Hyattsville, Marekani, nimetengeneza bafu za watu mpaka magoti yakanikana.

Sasa, miaka ile ya tisini, muuguzi mmoja wa kanisani kwetu, ambaye ni kama binti yangu, akapata nyumba ya kununua. Ya kwanza maishani! Akaniambia, "Baba, wewe ndiye utakayeikagua. Sitaki mtu wa kuangalia paa akiwa amesimama barabarani." Nikakubali papo hapo. Nilikuwa nimemaliza juzijuzi mafunzo ya ukaguzi wa nyumba kule Fairfax, wikendi kadhaa, na katika mambo ya umeme nilisinzia kidogo. Dalali wa nyumba akasema sawa, ila Ijumaa saa nne asubuhi aone karatasi zangu, la sivyo analeta mkaguzi wake.

Karatasi! Mtu wa kwetu akisikia karatasi, anabeba zote. Jumatatu nikaenda ofisi ya serikali ya jimbo na bahasha: barua ya chifu, cheti cha ubatizo, barua ya padri niliyemjengea zahanati, hata kadi ya chanjo. Mama wa dirishani akazipitia moja moja kwa heshima, Mungu ambariki.

"Mzee, wakaguzi wa nyumba hatuwaandikishi. Hakuna sheria hiyo."

"Kwa hiyo nimekatazwa?"

"Hujakatazwa."

"Basi nani ameniruhusu?"

Akacheka mpaka mwenzake akageuka. "Hakuna. Nenda ukafanye kazi!"

Yaani nchi kubwa hivi, na hakuna wa kunikataza! Bado nikamsihi anigongee muhuri, hata mdogo, pembeni tu, wa kuonyesha kwamba nilifika. Akakataa. "Ukitaka karatasi ya maana, tafuta bima. Huyo dalali atauliza hiyo."

Kesho yake nikawa Alexandria kwa bwana wa bima, mnene, tai imelegea. Akanieleza: "Ukivunja dirisha la mtu, hiyo ni bima moja. Paa likiwa bovu na usilione, hiyo ni nyingine. Unataka ipi?"

"Zote mbili. Macho yangu nayajua."

Bahasha ya chifu akaisukuma kando. Alichotaka ni cheti cha Fairfax na mfano wa ripoti, ile niliyoisema kwa mdomo na binti yangu huyo muuguzi akaichapa. Akasema wakubwa wake ndio wataamua, labda kufikia Ijumaa. Labda! Siku tatu nilikula chakula bila kujua ni chakula gani.

Ijumaa asubuhi nikakaa mbele ya faksi ya kanisa, ambayo namba yake nilimwachia bwana wa bima. Katibu akaniambia, "Mzee, utaitoboa mashine kwa macho." Saa tatu na nusu ikakoroma, ikatoa karatasi ingali moto: nimekatiwa bima, zote mbili! Katibu mwenyewe akanikimbiza kwa gari lake hadi kwenye ile nyumba.

Dalali aliisoma barazani mstari kwa mstari, akapiga simu ile namba ya chini, akasikiliza, akaitikia. Kisha akafungua mlango, akasogea pembeni.

Binti yangu akapiga kigelegele, mbwa wa jirani akabweka. Mimi sikungoja. Nikaegemeza ngazi ukutani nikapanda, mtu wa miaka sitini na miwili, kama ninayeitwa mezani.