Maoni ya Msomaji Namba Moja

Temenuzhka Raykova alikuwa na miaka hamsini na moja, na kama kuna kitu alichokiogopa kuliko maradhi, ni kuchekwa. Usimlaumu haraka. Akiwa na ishirini na tatu aliolewa na kijana mzuri kuliko wote hapa Dolni Brod, mji wetu wa kando ya mto, mcheza ngoma wa kikundi cha mji, mabega hivi, masharubu hivi, na mji mzima ulikula na kunywa siku mbili mfululizo. Mwaka wa nane bwana akaenda Uhispania kuchuma stroberi, miezi mitatu tu, akasema. Huo mwezi wa tatu haujaisha mpaka leo. Watu walimhurumia mbele yake, na alipogeuka walimcheka, kwa sababu ndivyo watu walivyo. Tangu hapo Temenuzhka akajifunza kucheka kabla hajachekwa, na akaifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote.

Aliendesha maktaba ya nyumba ya kusomea ya mji, jengo la ghorofa moja, chini maktaba, juu ukumbi wa kwaya. Alikuwa mkali. Hakuna aliyepewa kitabu kipya kabla hajaandika maoni ya kile alichorudisha, kwenye daftari nene lililofungwa kwa kamba mguuni mwa meza. Kila kitabu na ukurasa wake. Jina haliandikwi, inaandikwa namba ya kadi tu, eti watu wawe huru. Huru gani! Mji wenyewe wa watu elfu tatu, kila mmoja anaijua namba ya mwenzake kama anavyomjua mbwa wake. Namba moja ilikuwa yake mwenyewe Temenuzhka.

Namba mia mbili kumi na nne ilikuwa ya Metodi, na Metodi ndiye habari yenyewe.

Metodi alikuwa msoma maji. Kila asubuhi saa mbili alishuka ngazi za bandari, akatazama mti wenye namba uliosimama ndani ya mto Danube, akaandika, akapiga simu ofisini kwao, na alasiri redio ikautangazia ulimwengu. Mrefu, mwembamba, miwani minene, mfukoni penseli tatu zilizochongwa. Ukimuuliza mto ulikuwaje siku uliyozaliwa, anakujibu papo hapo, na anakujibu sawasawa. Hakuwahi kuoa. Kila Alhamisi saa kumi alikuja maktaba, akavua kofia, akasema, "Mto uko sentimita mia tatu kumi na mbili, Bi Temenuzhka. Umepanda nne."

"Utafika kwetu?"

"Haufiki. Ungekuwa unafika, usingelala bila mimi kukwambia."

Wengine wanaambiwa macho yao ni nyota. Temenuzhka aliambiwa hivyo kila Alhamisi kwa miaka sita, na akishaambiwa, Ijumaa yote aliimba huku akipanga vitabu.

Sasa, kwetu Jumapili ya matawi, wiki moja kabla ya Pasaka, ni siku ya wote wenye majina ya maua, na Temenuzhka ni jina la ua. Siku ya jina hakuna anayealikwa. Mlango unaachwa wazi, samaki yuko mezani, anayekuja amekuja. Na asiyekuja amesema neno. Metodi alikuja miaka yote sita, wa mwisho kufika, mkononi maua matatu. Alikaa pembeni na kula samaki, akipanga miiba ukingoni mwa sahani kuanzia mdogo hadi mkubwa. Wanawake wa kwaya walivunjika mbavu. Temenuzhka alicheka pamoja nao, tena kwa sauti zaidi. Lakini walipoondoka, Metodi alibaki kukausha vyombo, na mwaka jana, pale mlangoni, aliizungusha kofia mkononi mara tatu, nne, kisha akasema, "Mwakani siku kama hii, nikijaliwa, nitakuuliza jambo."

Mwaka mzima huyu mama alitembea na maneno hayo. Alishajua atakalojibu. Alishanunua hadi mapazia.

Mwezi wa pili kikaja kile kitabu, hadithi ya mapenzi ya kuchekesha, jalada la waridi. Shujaa wake ni mtaalamu wa konokono anayempenda mwoka mikate, na badala ya maua anampelekea konokono kwenye chupa ya jemu, akiwa amemwandikia na tarehe ya kuzaliwa. Kiligombewa kama mkate wa moto, na ukurasa wake daftarini ukafika nusu kwa wiki tatu tu.

"Nimecheka mpaka meno ya bandia yakaruka," aliandika namba kumi na saba, yaani Bibi Stana, kiongozi wa kwaya, miaka sabini na minane. "Lakini mama wa huyu kijana alikuwa wapi?"

"Mwanamume wa namna hii hayupo duniani," aliandika namba sitini na tatu, Evdokia, mke wa mfamasia. "Wangu hajui hata siku niliyozaliwa, sembuse ya konokono."

Tarishi akaandika, "Kurasa mia tatu na hajanywa hata glasi moja. Simwamini."

Jumatano moja wanawake wa kwaya waliteremka kutoka mazoezini wakaizunguka meza. Bibi Stana akagonga jalada kwa kidole.

"Temenuzhka, mwanangu, hebu niambie ukweli. Huyu wa konokono si Metodi wako huyu?"

"Wangu tangu lini?"

"Ee, tangu lini! Na anayekuja kila Alhamisi kukupimia maji ni nani, padri?"

"Akimwoa atakuwa anampima na yeye," Evdokia akadakia. "Saa mbili kamili asubuhi, na penseli sikioni. Umepanda nne, Bi Temenuzhka!"

Walicheka mpaka Ginka, mfagiaji, akaketi juu ya ndoo yake. Temenuzhka alisikia moto unampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Akamwona yule mcheza ngoma, akasikia vile vicheko vya nyuma ya mgongo. Mtu mzima na akili zake! Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ndiyo, ni wangu, mna lingine? Badala yake alilivuta daftari, akaandika huku wote wanatazama, kisha akawasomea kwa sauti ya jukwaani:

"Wa kuchekea kitabuni, sawa. Lakini kumweka ndani ya nyumba mwanamume kama huyu? Mungu apishe mbali. Afadhali huyo konokono. Namba moja."

Wanawake walipiga makofi. Kesho yake alikuwa ameshasahau, kama mtu anavyosahau chafya.

Alhamisi ile Metodi alikiazima kile kitabu, akakibeba ndani ya gazeti ili jalada lisichafuke. Akakirudisha Jumatatu, saa ambayo Temenuzhka alikuwa kwa daktari wa meno, na Ginka ndiye aliyempokea. Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Temenuzhka alijiambia ni mto, theluji za juu zinayeyuka, mtu ana kazi. Akafua mapazia mapya, ambayo hayakuwa hata machafu.

Jumapili ya matawi ikafika. Mlango wazi, tawi la mwerebi, mti wa kando ya mto, limefungwa juu yake, samaki wawili wa kukaanga, na wageni mpaka jikoni. Saa nane. Saa tisa. Kila nyayo zikisikika kwenye ngazi aliweka sahani chini. Saa tisa na nusu alimwambia Ginka, kama anayeuliza hali ya hewa, "Metodi hujamwona mtaani?"

"Tangu alipoleta kitabu, hapana," Ginka akasema huku akinyonya mwiba. "Siku ile alisimama kwenye daftari lako muda mrefu, mpaka nikadeki nikamzunguka. Ameandika karibu nusu ukurasa."

Temenuzhka alichukua funguo. Aliwaacha wageni hivyo hivyo, na aproni kiunoni, akavuka barabara hadi maktaba.

Mwandiko ulikuwa mdogo, ulionyooka, ukianzia mstari mmoja tu chini ya wake.

"Kitabu ni kizuri. Nimecheka mara tisa. Kuna kosa ukurasa wa themanini na nane, konokono hana meno ishirini, ana maelfu. Nilifurahi kwamba yule mwoka mikate alimkubali, nikadhani basi huwa inatokea. Nimesoma pia maoni yaliyotangulia. Msomaji namba moja amejibu swali nililokuwa nimeandaa kwa Jumapili ya matawi, na namshukuru, ametuepusha sote na aibu. Kitabu kimerudishwa kikiwa safi. 214."

Alisoma mara mbili, na mara ya pili hakuiona mistari kwa machozi. Yule mtu aliamini kilichoandikwa. Maisha yake yote aliishi kwa kuamini kilichoandikwa! Na yeye Temenuzhka alijua hivyo kuliko yeyote.

Alimkuta ukingoni mwa mto, karibu na ngazi za bandari, ameketi anafuta miwani.

"Metodi!" Miaka sita hakuwahi kumwita bila kutanguliza 'Bwana'.

Akainuka, akavua kofia. "Heri ya siku ya jina, Bi Temenuzhka."

"Nimesoma ulichoandika. Sikiliza. Yale yangu ni uongo. Walikuwa wananicheka, nikataka wanyamaze. Ulisema leo utaniuliza jambo. Niulize."

Metodi alivaa miwani, akaivua tena. "Kuna kituo cha kupimia maji huko juu ya mto, mtu wake amestaafu. Nimeomba uhamisho. Wanataka jibu kesho."

"Waambie hapana."

"Nakuamini kwamba ulikuwa uongo," akasema polepole. "Lakini uongo uliusema mbele ya watu. Hii kweli unaniambia tukiwa wawili."

"Nitaisema popote. Hata kanisani, nipande na kiti!"

Akatabasamu. Mungu wangu, jinsi uso ule ulivyobadilika. "Nyumbani kwako bado kuna wageni?"

"Wamejaa."

"Basi nitakuuliza huko." Akampa mkono wake aushike, kama watu wanavyotembea Jumapili, naye akaushika, na moyo ulimdunda kama wa msichana.

Walipiga hatua kumi, labda kumi na tano. Hapo kwenye kona ya duka la nyavu za samaki wakatokeza wanawake wa kwaya, wote, Bibi Stana mbele na taji la matawi kichwani, wamekuja kumtafuta mwenye sherehe.

Mkono wa Temenuzhka ukatoka. Hakuutoa, ulitoka wenyewe, ukaenda kichwani kujifanya unatengeneza nywele.

"Ala!" Bibi Stana akapaza sauti. "Sisi tunakutafuta chini ya vitanda, kumbe mwenzetu uko huku unapimwa!"

Na Temenuzhka akacheka. "Wee bibi nawe! Nimemfuata kwa ajili ya kitabu cha maktaba."

Alipogeuka, Metodi alikuwa ameshavaa kofia. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Aliwasalimu wote kwa heshima, akamwambia Bibi Stana awatoe kuku wake bustani ya chini kabla maji hayajafika Jumatano, akateremka ngazi kwenda kwenye maji yake. Temenuzhka alitaka kumwita. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini wanawake walikuwa wanamtazama, akageuka nao kurudi kwa wageni.

Jumanne baada ya Pasaka Metodi aliondoka na basi la asubuhi, sanduku moja na boksi la madaftari. Hakumuaga mtu ila mwalimu aliyemwachia kazi ya mto. Alhamisi saa kumi Temenuzhka alikaa mezani, amevaa blauzi nzuri, mpaka saa kumi na moja na nusu. Jumatano iliyofuata wanawake waliteremka kutoka mazoezini, wakaizunguka meza kama kawaida.

"Hivi yule Metodi kakimbia nini?" Evdokia akauliza. "Mtu mzuri vile."

"Kanikimbia mimi," Temenuzhka akasema. Sauti ilitoka ngeni, na safari hii hakuweza kuizuia. "Nilimpenda. Miaka sita. Alitaka kuniuliza, na mimi nikaona haya kwa ajili yenu, mlivyokuwa mnamcheka. Nikamtukana daftarini. Nikamwachia mkono barabarani." Akaweka kichwa juu ya meza akalia mbele yao wote, kilio cha kamasi, kile ambacho hakulia hata alipoachwa na mcheza ngoma.

Hakuna aliyecheka. Ginka aliweka ufagio chini. Bibi Stana akaupapasa mgongo wa Temenuzhka kwa mkono wake wa kizee.

"Ungesema, mwanangu," akasema. "Ungesema tu. Sisi tulikuwa tunawatania kwa furaha. Wimbo wa harusi yenu tunaufanyia mazoezi huko juu tangu mwaka juzi."