Kifua cha Baba

Nikisikia harufu ya gunia lililolowa jasho, baba hunijia. Alikuwa hamali Kariakoo, na alizaliwa bila nyama ya kifua upande wa kulia. Ngozi ililala juu ya mbavu. Mimi ndiye niliyemkanda pale kila jioni, hakuruhusu mwingine.

Siku ya mazoezi ya mgambo, wanaume wa mtaa waliamriwa kuvua mashati.

"We mzee, titi jingine umeliacha kwenye foleni ya sukari?" mjinga mmoja akapayuka. Huyo nimeshamsamehe.

Watoto tuliokuwa tukitazama tukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, ili wenzangu wa shule, waliotoka mitaa mingine, wasijue ni baba yangu. Akageuka, akaniona.

Jioni nikampelekea maji ya moto na kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni. "Leo hapaumi."