Malaria ya Kwao Mama

Nyumba ya Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, ilinuka moshi wa samadi kavu ya ng'ombe. Jua lilipoanza kushuka, samadi iliwekwa juu ya makaa kwenye kigae cha chungu, kigae kikazungushwa chumba hadi chumba kufukuza mbu, nasi tukatoka nje tukikohoa na kufuta machozi. Harufu hiyo iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Mimi nilikuwa mtoto wa Kitale, ambako jioni tulifunga madirisha kwa sababu ya baridi, na sikuelewa kwa nini watu wajifukize hivyo kila siku. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, likizo ya Aprili, mvua imekolea. Kukhu alikuwa ameteleza kwenye matope akavunjika mguu. Mama, binti yake wa pekee aliyebaki hai, alifunga kibanda chake cha mitumba akanichukua twende Bungoma kumuuguza.

Tulikuja na chandarua kimoja, na Mama alinilaza mimi ndani yake. Yeye alitandika mkeka kando ya kitanda cha Kukhu ili aweze kumgeuza. Khocha, kaka yake Mama, alimwambia atafute chandarua kingine. Mama akacheka. "Mimi ni wa hapa, bana. Hawa mbu wameniuma tangu nizaliwe. Malaria ya hapa ni yetu, tumezoeana." Ilikuwa rahisi kumwamini. Binamu yangu Nafula, wa rika langu, aliyelelewa na Kukhu baada ya mamake kufariki, aliamka siku moja akitetemeka. Alimeza vidonge, akalala kwenye jua, na jioni akawa anaruka kamba. "Unaona?" Mama aliniambia. "Hata mimi nilikuwa hivyo." Lakini alikuwa ameishi Kitale zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo yote sikumbuki akiugua kitu kingine zaidi ya mafua.

Majuma machache baadaye alianza kuvaa sweta mchana. Aliendelea kuchota maji, kufua matandiko na kumpikia Kukhu uji, ila kila baada ya kazi moja aliketi chini kama mtu aliyetua gunia. Alisema ni uchovu tu, akameza dawa za maumivu. Kukhu alimwona kutoka kitandani.

"Wewe ni mgonjwa, mayi, mwanangu. Enda hospitali."

"Nikienda, nani atakugeuza?"

Mchana mmoja nilimkuta Mama jikoni, ameshika mwiko juu ya sufuria ya maharagwe yaliyokwisha kuungua. Aliniita Nekesa, jina la dada yake marehemu, mamake Nafula, akaniuliza kama nimerudi kutoka Chwele. Nilicheka nikidhani ananitania. Kisha macho yake yakapinduka, akaanguka kwenye jivu. Kukhu, asiyeweza kusimama, alipiga ukemi hadi Khocha akaja mbio kutoka shambani. Walimkalisha Mama kwenye baiskeli, wakamfunga kwa leso mgongoni pa Khocha, jirani mmoja akamshikilia kwa nyuma. Mimi nilikimbia nyuma yao kwenye matope. Nafula alibaki na Kukhu.

Hospitalini, daktari alimpima damu kisha akatuuliza anaishi wapi.

"Kitale," Khocha alisema. "Lakini si amezaliwa tu hapa? Amekua na malaria, daktari."

"Alikua nayo, ndiyo. Lakini malaria si kama surua. Surua ukiugua mara moja, mwili unaikumbuka mpaka uzee. Malaria usipokutana nayo miaka mingi, mwili unaanza kuisahau. Na yenyewe inabadilisha sura."

"Ati kusahau? Na hapa ni kwao!"

Daktari aliinama juu ya mkono wa Mama. Alikuwa akitafuta mshipa wa kutundika dripu ya kwinini. Mama alilala kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, hajui nani yuko wapi, nami nikampepea kwa kipande cha katoni hadi mikono ikafa ganzi. Nilifikiri atakufa. Alipopata fahamu, swali lake la kwanza lilikuwa kama Kukhu amegeuzwa. Nilimjibu ndiyo mara kadhaa kabla hajanisikia, maana masikio yake yalikuwa yakivuma kwa ile kwinini.

Sasa ninafundisha baiolojia Tongaren, huko huko Bungoma, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi kuhusu chembe nyeupe za damu, jinsi baadhi yake hubaki baada ya ugonjwa zikiukumbuka, tayari kuzaana upya ugonjwa huo ukirudi. Kwa surua huweza kukaa maisha yote. Kwa malaria hupungua, ingawa haziondoki zote, na nadhani hizo chache zilizoamka polepole zilimsaidia Mama pamoja na dawa. Mwaka wangu wa kwanza Tongaren nililazwa kwa malaria. Siku hizi homa ikija napimwa, nameza dawa, na baada ya siku mbili niko darasani, kichwa kizito. Ndiyo kuzoea kwenyewe. Kunachosha.

Kukhu alipona mguu, akaishi miaka kadhaa, kisha akafariki mvua zikiwa zimeanza. Mama alifika asubuhi ya mazishi, akamwaga udongo, na kabla ya jua kushuka akapanda gari kurudi Kitale. Binti hakulala kwenye matanga ya mamake. Watu walisema mji umemharibu. Nililala mimi mahali pake, nikasikia yote yaliyosemwa, na nilikosa nguvu za kumweleza kila mtu habari za damu.

Zamani Mama alifunga kibanda akaenda kwao bila kumuuliza mtu. Siku hizi hunipigia simu kwanza. "Mvua imeanza huko?" Nikimwambia imeanza, haji; huniomba tu nimsalimie Khocha.