Kompyuta Mgeni ya Humaid

Humaid bin Amur alikuwa mtu wa haya kupindukia. Pande la mtu, ndevu zishaingia mvi, na bado akiingia chumba cha kompyuta ofisini kwake Maskati hupiga hodi, na ndani hamna mtu. Mkewe, Khole, akimwambia, "Siku wakikuitikia karibu, utakimbia wewe."

Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, zikitumia kabati moja la mafaili. Kabati la umeme, si la mbao. Ili zisivurugiane kazi, lazima zijuane zote, kila moja iwe na majina na anwani za wenzake. Jumatano moja ililetwa ya nne, na ya nne ikakataliwa. Kila ikibisha, kabati halifunguki.

Ikafika Jumatano ya pili. Jioni ile binti yake Afra alikuwa anahitimisha Kurani nyumbani kwao Al Amerat. Khitma ya dada yake Afra, Humaid aliikosa, kwa ajili ya mashine hizo hizo. Safari hii alimwahidi Afra, na mtoto akamuuliza, "Inshallah ya kweli, baba, au ya kunituliza?"

Basi Humaid, kavaa sweta juu ya kanzu kwa baridi la chumba kile, akambana mgeni wake. Akabadilisha waya. Akasoma anwani zake zote; zote sawa. Akaizima, akaiwasha kwa Bismillahi. Wapi!

Simu ikalia. "Khalati Mahbuba keshafika," alisema Khole, akimtaja mama yake mdogo. "Mwalimu yuko njiani. Wewe uko wapi?"

"Nnakuja."

"Unakuja umekaa?"

Humaid akaona haya, akainuka kweli, na kwa kuwa keshainuka akaenda kwa kompyuta ya zamani kuliko zote, asome nayo imeandika nini. Lo! Imejaa malalamiko wiki nzima: kuna mtu anabisha, simjui.

Hapo akakumbuka. Zile mbili alizijulisha habari za mgeni siku ile ile. Hii ya zamani ilitakiwa isimamishwe kidogo ndipo iambiwe, na wa kuombwa ruhusa alikuwa Bwana Marhoon, mkuu wa kumbukumbu. Humaid alimkuta kalala usingizi wake wa baada ya adhuhuri, kilemba kakifunika usoni. Akarudi kwa ncha za vidole. Nitamwambia baadaye, alisema. Kisha akasahau, akashinda akimhoji mgeni, wenyeji hakuwauliza.

Akenda tena. Bwana Marhoon, kilemba usoni. Humaid akakohoa. Akakohoa tena. Akamwona Afra machoni mwake, akamgusa mguu.

"Nani kafa?" Bwana Marhoon aliruka.

"Hajafa mtu, Sheikh wangu. Nnaomba kuisimamisha kompyuta yako kidogo tu."

Alipokwisha kuelezwa, Bwana Marhoon alicheka mpaka kilemba kikaanguka. "Yaani wiki nzima umenistahi mie, watu wakakosa kufanya kazi? Wallahi Humaid, ungeniamsha! Nikilala huku nnalipwa, si dhambi kuniamsha."

Kompyuta ikasimamishwa, ikaambiwa, ikaamka. Mgeni akabisha, kabati likafunguka. Humaid akasema alhamdulillahi akiwa keshafika mlangoni, na sweta lake mwilini katika joto la Maskati.

Al Amerat alikuta viatu vya wanawake vimejaa barazani, na chumba kimejaa wenye viatu. Kuingia hawezi. Kwa dirisha akamsikia Afra, yuko sura za mwisho, anasoma pole pole mno, akimaliza aya anairudia. Halwa ishapoa, Khalati Mahbuba anajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu," mwalimu alisema kwa upole, "hiyo umeshaisoma vizuri."

"Naisoma vizuri zaidi, mwalimu."

Nje, Humaid akakohoa kile kikohozi chake cha kuomba njia.

Afra akatabasamu, na aya zilizobaki akazisoma moja kwa moja mpaka mwisho. Watu wakasema amin. Khole akachungulia dirishani, akamtazama mumewe anavyotoka jasho. "Karibu," alisema. "Na hilo sweta, ndiyo nguo ya khitma?"